Una Masikio Mangapi?

Katika toleo lililopita ndugu yetu mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa ugomvi wangu si naye bali ni na alichokiandika, alitushushia waraka mrefu juu ya vijana wanaocheza gemu za kompyuta huku Masasi na Newala. Waraka ulikuwa mrefu lakini hoja ilikuwa fupi: tunapigwa kila tunapokutana na watu wa Dar na wa Nairobi kwa sababu tumeshika zana za kimaskini. Dawa yake ni kwamba kila mchezaji ajinyime, auze cha kuuza, anunue mausi ya gemu, mausipedi ya gemu na hedseti ya gemu. Akamalizia kwa kutuambia kwamba kijana wa Kusini asiyefanya hivyo ameridhika kubaki nyuma.

Waraka ule umesomwa, tena umesomwa sana. Nimewakuta vijana watatu kwenye chumba chetu cha kompyuta hapa Masasi wakiupitisha mkono kwa mkono. Mmoja wao, mtoto wa Newala, akaniambia ameshampigia simu kaka yake aliyeko Kariakoo amtafutie hedseti. Nikamuuliza pesa iko wapi. Akanijibu bila wasiwasi, "Korosho, bro. Si msimu unakuja?"

Ndo nikaamua kushika kalamu. Ndugu zangu, mimi sina tabia ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa hiyo nitasema wazi. Ushauri ule haujengi mchezaji, unajenga mteja. Zana huchaguliwa kwa kuangalia mkono wa atakayeishika na ardhi atakayoifanyia kazi. Ukiichagua kwa sababu unaona aibu mbele ya watu wa mjini, umeshapigwa kabla gemu haijafunguka.

Nianze na kisa changu mwenyewe, msije mkasema naongea kama mzee asiyejua utamu wa kitu.

Oktoba 2024, minada ya korosho ilipofunguliwa huku kwetu, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kusini kulichangamka. Mjomba wangu wa Newala, ambaye ndiye aliyenilea, alipopata malipo yake aliniita akanipa shilingi 200,000. Nilikuwa nimemwambia najifunza ufundi wa kompyuta, jambo ambalo ni kweli, na kwamba nahitaji vifaa, jambo ambalo pia ni kweli. Sikumwambia kifaa gani. Nikaagiza hedseti kutoka duka moja la Dar kwa shilingi 180,000. Ilikuja na basi ndani ya boksi kubwa jeusi lililoandikwa 7.1 kwa herufi za kung'aa, na ukiichomeka inawaka taa za rangi zote kama basi la usiku.

Nikapanda nayo Newala kwenda kumwonyesha. Mjomba akaigeuza, akaipima uzito, akauliza, "Hii namba ya nini?"

Nikamwambia, "Inatoa sauti nane, mjomba. Saba za kuzunguka na moja ya besi."

Akanitazama. "Wewe una masikio mangapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli, maana anajua kununua pampu ya kupulizia dawa, na muuza pampu akimwambia ina midomo nane lazima aulize minane ya nini wakati mkorosho ni mmoja. Sikuwa na jibu. Mwezi wa tatu sikio la kulia likafa, na ngozi ya bandia kwenye mito ikaanza kubanduka vipande vipande na kuning'inia shingoni kama magamba. Nikalipigia simu lile duka. Wakaniambia garantii haihusu waya. Basi nikabaki nasikiliza sauti nane kwa sikio moja.

Fanyeni hesabu na mimi. Shilingi 180,000 kwa bei ya msimu ule ni kilo 45 za korosho ghafi, zaidi ya nusu gunia, tena kabla ya makato. Kila korosho iliokotwa na mtu aliyeinama chini ya mti, ikatenganishwa na bibo, ikaanikwa, ikachambuliwa, ikabebwa mpaka ghala la chama cha msingi, kisha ikasubiri mnada. Huo ndo mgongo tunaoambiwa tuuinamishe ili tununue taa.

Sasa ndugu yetu atasema huyu ana uchungu wa kuibiwa. Ni kweli ninao. Lakini tuache uchungu tuangalie historia, kwa maana si mara ya kwanza Kusini kuletewa zana kubwa bila mtu kuuliza udongo.

Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wao wa karanga. Walianzia Kongwa, wakaenda Urambo, na huku kwetu wakachagua Nachingwea, majirani zetu kabisa. Walileta matrekta na mashine zilizobaki kwenye vita, hata vifaru walivigeuza kuwa matrekta. Jengeni bandari ya Mtwara, lazeni reli kwenda Nachingwea! Mashine zilikuwa kubwa kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kushika udongo kiganjani na kuuliza mvua inanyesha lini. Huko Kongwa udongo ulikuwa unakauka ukawa mgumu kama sakafu, mizizi ya vichaka ikavunja majembe ya chuma. Januari 1951 mpango ukafutwa. Hasara ilikuwa kama pauni milioni 36, na reli nayo baadaye ikang'olewa. Wazee wa Nachingwea waliokuwa wanalima kwa jembe la mkono hawakuacha kuvuna.

Wale hawakushindwa kwa kuwa na zana duni. Walishindwa kwa zana walizozichagua wakiwa mbali. Haya, turudi kwenye meza zetu, tuchukue vitu vitatu alivyovitaja ndugu yetu, kimoja kimoja.

Mausi kwanza. Vitabu vinaiita kipanya, lakini huku ukisema kipanya mtu atakuuliza kinakwenda wapi na nauli ni shilingi ngapi, kwa hiyo niruhusuni niseme mausi. Mausi ya kwanza ilitengenezwa California mwaka 1964 na Douglas Engelbart na mwenzake Bill English. Ilikuwa kipande cha mti kilichochongwa, magurudumu mawili chini, kitufe kimoja juu. Naam, mti! Nawakumbusha hili watu wa uwanda wa Makonde kwa makusudi. Fundi wa vinyago hanunui mpini wa tezo kwa sababu unang'aa. Anaushika, anaupima, na usipomkaa mkononi anaupunguza. Mausi nayo ni mpini.

Kwa hiyo chukua rula. Pima kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati. Chini ya sentimita 17 mkono wako ni mdogo, ukikaribia 20 au kuvuka ni mkubwa. Kisha jiangalie unashikaje. Wapo wanaolaza kiganja chote, wapo wanaokunja vidole kama kucha za mwewe, na wapo wanaoishika kwa ncha za vidole tu. Wa kwanza anataka mausi ndefu yenye mgongo wa kujaza kiganja. Wa mwisho anataka fupi na nyepesi, gramu 60 au 70, asichoke. Ukiwa mashoto angalia mara mbili, maana nyingi zimefinyangwa kwa mkono wa kulia tu na muuzaji hatakuambia. Katika waraka wote ule, kurasa tatu nzima, ndugu yetu hakutaja mkono hata mara moja. Ametaja taa mara sita. Nimehesabu.

Ametaja pia namba. Mausi aliyoisifu boksi lake limeandikwa nukta 26,000. Maana yake nini? Ukiisogeza inchi moja, inahesabu hatua 26,000. Kioo cha kawaida kina nukta 1,920 kwa upana. Yaani ukisogeza inchi moja, mshale unavuka vioo 13 na ushee! Nani anacheza hivyo, kama si mtu anayetafuta mwenyewe kupotea? Wachezaji wa kulipwa wa Counter-Strike, watu wanaopewa vifaa bure, wengi wao wanaweka 400 au 800. Mausi ya bei ya kawaida inafika hapo na chenji inabaki.

Nimpe haki yake pale anapostahili. Mausi ya ofisini, ile inayokuja na kompyuta ya mtumba, kwa kawaida inaipa kompyuta taarifa mara 125 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 8. Mausi nyingi za gemu zinatoa taarifa mara 1,000, kila milisekunde 1. Hiyo tofauti mkono uliozoea unaihisi, sikatai. Vilevile, kama bado kuna mtu anacheza na mausi ya kigololo, ile ambayo uchafu unaganda kwenye magurudumu ya ndani mpaka mshale unaruka kama chura, huyo abadilishe, nami nitamchangia. Lakini zipo sasa mausi zinazojisifu kutoa taarifa mara 8,000 kwa sekunde. Wewe wa Masasi kioo chako kinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani picha moja kila milisekunde 16 na ushee. Mausi ikuletee habari mara 8,000, kioo kikuonyeshe 60! Ni sawa na kumtuma mtoto dukani kila dakika wakati duka linafunguliwa Jumamosi.

Halafu lipo jambo la kwetu ambalo boksi la Dar halilijui: salfa. Kila mwaka, kiangazi kikiingia, mikorosho inapulizwa salfa kwa ajili ya ubwiriunga. Ile poda ya njano inakaa kwenye nywele, kwenye nguo, mezani, na inaingia kwenye kila tundu. Salfa haipatani na shaba wala fedha, inazigeuza nyeusi. Ndani ya vitufe vya mausi nyingi kuna vibati vidogo vya madini vinavyogusana kila ukibonyeza. Changanya salfa, vumbi jekundu na kuchakaa kwa kawaida, utapata ule ugonjwa tunaoujua wote: unabonyeza mara moja, mausi inabonyeza mara mbili. Sasa ukiwa na pesa tafuta mausi yenye swichi za mwanga, ambazo kazi yake haitegemei vibati kugusana. Ukiwa huna, nunua ile ambayo skrubu zake zinafikika, ili fundi redio wa mtaani akubadilishie ile swichi ndogo ya miguu mitatu. Hili ndilo swali la kumuuliza muuzaji: ikiharibika, inafunguka? Wengi watakukodolea macho.

La pili, mausipedi. Hapa ndugu yetu alinichekesha mpaka nikaweka jarida chini. Anasifu mausipedi yenye taa pembeni, inayochomekwa kwenye tundu la USB. Wandugu, mkeka unaokula umeme!

Tuelewane kazi yake ni nini. Mausi ya siku hizi ina jicho chini, kamera ndogo inayopiga picha za meza maelfu kwa sekunde na kuzilinganisha ijue imesogea wapi. Inataka uso usio na mng'ao, wenye mikwaruzo midogomidogo ya kuona. Juu ya kioo au fomaika inayong'aa, mausi nyingi zinapotea. Basi, kazi ya mausipedi ni hiyo, pamoja na kuteleza vizuri. Ziko za kitambaa na ziko ngumu za plastiki. Ngumu inateleza upesi na unaifuta kwa kitambaa chenye unyevu, ila inakula miguu ya mausi, na vumbi la barabara zetu likiingia kati inakuwa msasa. Ya kitambaa inatulia mkononi, lakini inakunywa jasho na vumbi, na dawa yake ni kuifua kwa sabuni na kuianika kivulini.

Kuifua kwa maji yapi? Masasi tunaweza kujibu. Newala swali hilo ni zito. Ule uwanda wa juu hauna mto, maji yanasukumwa kutoka bondeni kupanda mlima, na mama zetu wa zamani walishuka na mtungi na kupanda nao. Nyumba inayohesabu ndoo haitakufulia mausipedi ya upana wa meza. Kwa hiyo mtu wa Newala nunua ya kitambaa, ndogo ya sentimita 30 hadi 40, iliyoshonwa pembeni isifumuke, na ukimaliza kucheza uikunje kama mkeka wa msikitini uiweke ndani ya mfuko. Kinga ni bei rahisi kuliko ndoo. Na kama huna hata hiyo, jalada gumu la daftari lisilo na mng'ao linafanya kazi. Hata jalada la jarida hili nimelijaribu. Linachezeka, ila jina la mhariri limefutika, aniwie radhi.

La tatu, hedseti, mahali nilipoungulia mimi. Sasa ninaweza kumjibu mjomba. Zile saba na moja ni spika za ukumbi wa sinema: mbele, pembeni, nyuma, na moja ya besi. Kwenye hedseti ya kawaida hazimo. Zimo mbili, kulia na kushoto, kama masikio. Hiyo 7.1 ni programu inayozichanganya sauti ili ubongo udhani ziko nane. Mtu anajuaje hatua za adui zinatoka kushoto? Sauti inafika sikio la kushoto mapema kuliko la kulia kwa muda usiofika milisekunde moja, na ikiwa na nguvu zaidi kidogo. Gemu nyingi nzuri zinapiga hesabu hiyo zenyewe. Ukiwasha na ile ya hedseti juu yake, hesabu mbili zinapigana na unasikia adui yuko kisimani. Zima. Masikio mawili yanatosha, ndivyo tulivyoumbwa.

Vitu vya kuangalia ni vingine kabisa. Uzito: ukivuka gramu 350, baada ya saa mbili shingo inalalamika. Mito: kwa joto letu kimbia ngozi ya bandia, tafuta ya kitambaa, tena inayotoka ukaifue. Waya: uwe wa kuchomoa, maana waya ndio unaokufa kwanza na hakuna sababu hedseti nzima ife nao. Kama chumba chenu kinatumia jenereta, chukua iliyofunika sikio lote, usihangaike kuongeza sauti mpaka ujiharibu masikio. Kuna dada mmoja anayecheza pale kwetu, anavaa ushungi, na hedseti iliyombana zaidi ilikuwa ile ya gharama kubwa kuliko zote. Aliyeichora hakumfikiria. Dada zetu wenye nywele za kusuka nao wananielewa. Jaribu kichwani kabla ya kulipa.

Na kuna hili ambalo limewaliza wengi. Kompyuta nyingi za mtumba za ofisini tunazotumia zina matundu mawili ya sauti, la kijani la kusikilizia na la waridi la maiki. Hedseti nyingi za sasa zina pini moja yenye mistari mitatu, iliyotengenezwa kwa simu. Ukiichomeka kwenye tundu la kijani utasikia, lakini wenzako hawatakusikia, na utaanza kulaumu hedseti, utalaumu mtandao, utalaumu uchawi. Kinachotakiwa ni kigawanyio kidogo cha bei ya soda kadhaa. Muuzaji mwaminifu atakuuliza kompyuta yako ina matundu mangapi. Asipouliza, mwambie wewe.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kiini. Ndugu yetu anasema tunapigwa na watu wa Dar na Nairobi kwa sababu ya zana. Basi tuipime. Sava za gemu nyingi ziko Ulaya. Kutoka Masasi mpaka Frankfurt ni zaidi ya kilomita 7,000 hata ungepaa kama ndege. Mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi, kwa njia iliyonyooka ambayo haipo, ni zaidi ya milisekunde 70, na waya wenyewe unazunguka baharini. Mimi kwa bando la simu nimeona 200, na mvua ikinyesha nimeona 400. Sasa unaniambia niuze kilo 45 za korosho ili nipunguze milisekunde 7 za mausi, huku 200 zinanisubiri hewani? Na umeme ukikatika katikati ya mechi, zile taa za hedseti zitanimulikia njia ya kwenda kulala?

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu, nao hauna mng'ao. Kwanza umeme: betri ya akiba ya kuivusha kompyuta dakika kumi, mmalize mechi na muizime vizuri. Pili mtandao: changieni laini moja nzuri ya chumba badala ya kila mtu kuunguza bando lake. Tatu mausi inayokutosha mkono. Nne hedseti nyepesi ya masikio mawili. Mwisho kabisa mausipedi. Na vitu vitatu hivi vya mwisho, kwa watu kama sisi tulio wachache, maana wenzetu wengi wanacheza kwenye simu au kwenye vibanda vya PlayStation, si lazima viwe vya mtu mmoja mmoja. Chumba chetu kilinunua mausi tatu za saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Ukija unachagua inayokukaa. Ada ni ileile. Ndo hapo nilipojua, baada ya miaka minne ya kuhangaika, kwamba mimi ni wa saizi ndogo.

Najua kwa nini waraka ule umependwa. Sisi watu wa Kusini tumetaniwa mno. Mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, mvua zikinyesha tulikuwa tumefungiwa huku, na waliofika Dar na bidhaa mkononi wakapewa jina la Wamachinga kama vile ni kabila la wachuuzi. Kijana wa Newala akiingia mtandaoni, akaulizwa yuko wapi, anasema Dar. Nimemsikia kwa masikio yangu yote mawili. Hedseti inayowaka taa inamsaidia kusema uongo ule. Wauzaji wanajua. Wanachukua mausi ileile, wanaiwekea taa na neno la Kiingereza juu ya boksi, bei inapanda, na tofauti ile tunailipa sisi kama kodi ya aibu. Korosho yetu inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam ikabanguliwe huko, faida ya kubangua ibaki huko. Kisha kile kidogo kinachobaki mkononi mwa mkulima tunakirudisha baharini kwa ajili ya rangi za kuwaka. Halafu mtu anakuja hapa, kwenye jarida letu sisi wenyewe, anatuambia asiyefanya hivyo ndiye aliyeridhika kubaki nyuma!

Wapo pia wazee watakaosoma haya wakasema, si mnaona, gemu ni upuuzi, vifungeni hivyo vyumba. Hapana, wazee wangu. Kwenye kile chumba nimejifunza kuchomea swichi, kupima umeme, kusoma Kiingereza cha maelekezo na kupanga mambo na watu watano kwa sekunde tatu. Hedseti yangu iliyokufa niliifungua mwenyewe. Waya ulikuwa umekatika kwenye shingo ya pini, kazi ya dakika kumi na risasi kidogo ya kuchomea. Sikio la kulia likafufuka. Mito nimeshona ya khanga kuukuu. Zile taa nilizikata.

Niliirudisha Newala mwezi uliofuata. Mjomba akaivaa, nikamwekea taarifa ya habari kwenye simu, akasikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Akaivua akauliza kama zile sauti sita nyingine nimezitupa au nimeziuza. Kisha akasema ile pesa nilipaswa kumwambia ukweli tangu siku ya kwanza. Hilo nalo ni kweli, na ndilo linaloniuma kuliko waya.

Kwako ndugu wa toleo lililopita, sina zaidi. Njoo Masasi siku yoyote ya Jumamosi, njoo na mausi yako ya nukta 26,000 na mkeka wako wa umeme. Mimi nitatumia ile ndogo ya waya ya chumba, iliyobadilishwa swichi mara mbili, juu ya jalada la daftari. Tutacheza kwa waya wa ndani, kompyuta kwa kompyuta, pasipo Frankfurt wala bando, ili usije ukasingizia mtandao. Atakayeshindwa atalipia mafuta ya jenereta. Na yule kijana wa Newala nimeshamwomba aje aangalie kabla kaka yake hajalipia ile hedseti.